Mama Kamba na Somo la Kuelea

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Kamba alikuwa mtu wa bahari, na kwa miaka yote hiyo bahari haikuwahi kumpita kitovu. Aliingia maji yakipwa, akatoka kabla hayajarudi, na katikati ya hapo alifunga mwani kwenye kamba zake kwa kasi ambayo wenzake waliishia kuitazama tu. Jina lake lilitoka hapo. Ungemwona kule majini, sketi imebanwa kiunoni, anatoa amri kushoto na kulia, usingedhani hata kidogo kwamba mama huyu hajui kuogelea. Hata yeye mwenyewe, tuseme kweli, alikuwa ameshasahau.

Aliyemkumbusha ni mdomo wake.

Ilikuwa hivi. Maji ya kina kifupi yalianza kupata joto. Mwani ukawa unageuka mweupe kwenye ncha, kisha unalainika, kisha unakatika na kwenda zake, na wanawake wa kikundi wanabaki na kamba tupu mikononi. Hasara hiyo iliwauma, maana mwani si zao la kulalamikiwa. Hauombi mbolea, hauombi maji ya bomba, wala haukatiwi mti. Wao waliukausha, wakausaga, unga wake ukaingia kwenye uji na mikate ya mji mzima, na uliobaki mbichi ukaenda jikoni kwa watu ukawa mboga. Kitu pekee ulichoomba ni maji yenye ubaridi wake, na ubaridi sasa ulikuwa umehamia mbali, kwenye kina ambacho miguu haifiki chini.

Basi wakakaa kikao kwenye banda lao, juu ya mabenchi, harufu ya mwani mkavu puani. Afisa wa uvuvi, dada mmoja mwenye daftari kubwa kuliko kifua chake, aliwaeleza kwamba kamba mpya zitaning'inia kwenye maboya, zimeshikwa na nanga, na watakwenda kuzihudumia kwa mashua. Kila mtu atavaa jaketi la kuokolea. Je, kuna mwenye neno kuhusu usalama?

Kulikuwa na mwenye neno. Mama Kamba ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na dakika tano kabla ya hapo alikuwa amemsikia Bi Chumvi akimnong'oneza jirani yake kwamba uenyekiti nao ni kama mwani, ukikaa sana mahali pamoja unaoza. Bi Chumvi ni yule mama mwembamba anayeingia majini kwa hatua za kuku, anayepiga kelele akirushiwa tone. Mama Kamba alisimama, akamtazama yeye peke yake, akasema:

“Jaketi ni kitu cha kuchanika. Mimi naona hivi: asiyeweza kuogelea kutoka ufukweni hadi boya la kwanza na kurudi, peke yake, asipewe kamba. Abaki kwenye vichanja, aanike mwani wa wenzake.”

Wakapiga makofi. Afisa akaandika, akapigia mstari, akataja siku ya jaribio: wiki tatu kuanzia leo, maji yakijaa. Mama Kamba akakaa kwa madaha. Makalio yalipogusa benchi ndipo alipokumbuka.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wake uliponza mwili mzima, toka utosini hadi nyayo.

Angeweza kusimama tena akasema nimekosea. Watu wengine wangefanya hivyo. Lakini Mama Kamba kuyameza maneno yake mbele ya Bi Chumvi, ni heri ale mchanga. Kwa hiyo alirudi nyumbani na siri yake, na njia nzima aliogopa. Aliogopa maji, ndiyo, lakini alivyoviogopa zaidi ni vile vichanja. Kamba zake ndizo zilizoezeka nyumba, zikamsomesha binti yake, zikamnunulia mume wake cherehani ya pili. Na hata ukiweka hayo yote kando, kule majini ndiko alikokuwa mtu anayeitwa, anayeulizwa, anayesikilizwa. Kwenye vichanja angekuwa mama mmoja zaidi anayegeuzageuza mwani wa wengine juani.

Alianza na beseni. Alijifungia chumbani, akalijaza maji, akatumbukiza uso, akahesabu. Alipofika nne aliibuka anakohoa na kumkuta mume wake mlangoni.

Mume wake ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache ambaye watu husema alioa Mama Kamba ili apate wa kumsemea. Alilitazama lile beseni.

“Unatafuta nini humo?”

“Naosha macho.”

“Haya,” alisema fundi, akarudi kwenye kazi yake.

Siku ya pili yake Mama Kamba alimwomba amshonee nguo isiyonywa maji, ya kufunika kila kitu, isiyofunuka. Fundi hakuuliza ya nini. Aliuliza tu kama mikono iwe mirefu au mifupi. Akachukua miavuli mitatu mibovu, akaichambua vitambaa vyake, mmoja mweusi, mmoja wa kijani na mmoja wa maua, akamshonea suruali na kanzu fupi yenye mishono miwili miwili kila mahali. Mama Kamba alipoivaa ilipiga kelele kila alipoinua mguu.

Nguo imepatikana, sasa mwalimu. Hapo ndipo palipokuwa na shughuli. Mzamiaji aliyeajiriwa na kikundi kufunga nanga, na kuwafundisha wanaotaka kufundishwa, alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee. Na kati ya kijana huyu na Mama Kamba palikuwa na miaka minne ya heshima iliyozidi kipimo. Wakikutana njiani, mkwe hupisha mpaka kwenye majani na kutoa shikamoo huku anaangalia viatu vyake, naye Mama Kamba huitikia marahaba huku anaangalia mti. Mkwe hajawahi kumaliza sahani ya chakula mbele yake. Mama mkwe ni mama mkwe. Mtu wa namna hiyo atamshikaje kidevu ndani ya maji?

Alimweleza binti yake. Binti alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaona mama hacheki, akaacha.

“Nitasimama katikati,” binti alisema. “Yeye ataniambia mimi, mimi nitakuambia wewe.”

Na ndivyo walivyofanya. Kila asubuhi, kabla binti hajakwenda kufundisha watoto wa chekechea, watu watatu walikwenda nyuma ya miamba ambako hakuna apitaye, wakaingia majini kwa mstari: mkwe kule, binti katikati, Mama Kamba huku na miavuli yake.

“Mwambie mama alale chali, alegeze shingo,” alisema mkwe, uso ameugeuzia bahari kuu.

“Mama, lala chali, legeza shingo,” alisema binti, kwa sauti ile ile anayowaambia watoto wake wafunge viatu.

“Mwambie nimesikia. Mimi si kiziwi.”

“Anasema amesikia.”

“Mwambie avute pumzi.”

“Mama, vuta…”

Mama Kamba alikuwa ameshazama. Ujumbe ulikuwa unachelewa njiani.

Wiki ya kwanza alikunywa maji ya bahari ya kutosha kupikia. Wiki ya pili mkwe, kupitia kwa mkewe, alipendekeza wamfunge kamba kiunoni, na mwisho wake yeye aushike kwa mbali. Kamba ilikuwa lugha anayoielewa Mama Kamba. Aliukagua mshipi aliofungwa, akaguna, akafungua lile fundo la mkwe na kufunga la kwake. Akiwa na ile kamba alielea, tena vizuri. Alipiga miguu, akakata maji kwa mikono, akafika mwamba wa kwanza na wa pili. Wakiifungua tu, anakakamaa mwili mzima na kwenda chini. Na siku ya jaribio hakuna kamba. Alilitamka mwenyewe: peke yake.

Asubuhi ya mwisho kabla ya jaribio, binti alikuja kuwafikisha tu.

“Leo nina kikao cha wazazi,” alisema. “Semeni wenyewe.”

“Mwanangu, utatuachaje?”

“Kwa miguu,” alisema binti, na kweli akaondoka.

Wawili wale wakabaki wamesimama majini, maji kifuani, kila mmoja anatazama upande wake. Mawimbi yakaja, yakaenda. Mtu angepita angedhani wamegombana. Baadaye mkwe akakohoa.

“Mama, naomba radhi kwa nitakalosema.”

“Sema.”

“Unazama kwa sababu yangu. Nikisogea kidogo tu, unajikaza. Mwili ukijikaza unazama, hata uwe wa samaki.”

Mama Kamba alifikiri. Ilikuwa kweli. Na kwa kuwa siku zilikuwa zimekwisha na aibu zake nyingi alikuwa ameshazimaliza, aliuliza jambo lililomkaa moyoni miaka minne.

“Na wewe, mbona humalizi chakula changu? Hakina chumvi?”

“Ni kitamu, mama. Mwenzangu hunifungia kwenye bakuli. Nakimalizia nyumbani.”

“Nyumbani? Kwa nini usikimalizie mezani kama watu?”

Mkwe aliangalia maji, akaangalia mwamba, mwishowe akamwangalia yeye.

“Nakuogopa, mama. Mimi nimezamia mita arobaini na sikuogopa. Bahari naijua inakokwenda. Wewe sikujui.”

Kicheko kilimjia Mama Kamba kutoka tumboni, kikubwa, kikamfanya ameze maji, akakohoa, akacheka tena. Huyu mtoto wa watu. Miaka minne yeye alikuwa akidhani anadharauliwa, kumbe anaogopwa, na mabakuli yanapita mlango wa nyuma.

“Basi nishike kichwa,” alisema. “Tusije tukafa kwa adabu.”

Mkwe alimwekea vidole viwili chini ya kisogo, viwili tu, kwa uangalifu wa mtu anayebeba yai. Mama Kamba alilala chali. Mwili ulikuwa bado umelegea kwa kicheko. Akatazama mawingu mawili matatu yaliyokuwa yanapita.

“Toa,” aliamuru.

Vidole vikatoka. Yeye akabaki pale pale juu ya maji, na miavuli yake imevimba pembeni kwa hewa. Walirudia hadi jua likawa kali, na alipotoka alikuwa ameogelea hadi mwamba wa tatu na kurudi bila kamba, mara mbili. Ilikuwa mara mbili tu, na usiku ule aliota vichanja.

Siku ya jaribio ufuko ulijaa. Kikundi kizima kilikuwepo, na waume, na watoto waliotegea shule. Boya la kwanza lilikuwa la rangi ya machungwa, na kutoka pale aliposimama Mama Kamba lilionekana dogo mno. Mkwe alikuwa kwenye mashua, anamfuata kila mwogeleaji kwa karibu, na afisa amesimama ufukweni na daftari lake.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Bi Chumvi. Alikwenda kwa zile hatua zake za kuku mpaka maji yakamfika magotini, akapiga kelele moja kwa sababu ya baridi, kisha akajitupa na kuondoka. Aliogelea kama bata. Alikwenda, akalipiga boya kofi, akarudi bila hata kukohoa. Kumbe mama huyu alikulia kando ya bwawa, na anachokiogopa yeye ni baridi ya maji na miiba ya chini, si kina. Alipopita mbele ya Mama Kamba alikamua sketi yake.

“Maji mazuri, mwenyekiti,” alisema. “Karibu.”

Wakaenda wengine. Wawili walirudia njiani, wakapangiwa kujaribu tena mwezi ujao, na mmoja wao akalia. Kisha afisa akaita jina la mwisho.

Mama Kamba aliingia na miavuli yake. Kuna waliocheka, akawatazama, wakaacha. Maji yalimfika kitovuni. Akasimama kidogo pale, mahali alipoishia kwa miaka ishirini na miwili. Kisha akaendelea, na mchanga ukamwacha mguuni.

Kwenda hakukuwa na neno. Alipiga miguu kama alivyofundishwa, akameza maji mara moja, akayatema, akaligusa boya. Lilikuwa na utelezi, na kubwa, angeweza kulikumbatia. Chini yake aliona kamba iliyotangulizwa kwa majaribio ikishuka, na mwani juu yake mweusi, mnene, hauna hata ncha nyeupe. Aliutaka mwani ule kwa moyo wake wote. Akageuka.

Katikati ya safari ya kurudi mikono ilikwisha nguvu. Haikuuma. Iliacha tu kusikia anachoiambia. Mama Kamba aliiona hofu ikija, akajua akikakamaa amekwisha, basi akafanya kitu pekee alichokijua kwa hakika: akalala chali, akalegeza shingo. Masikio yakaingia majini na dunia ikanyamaza. Hakumsikia binti yake, hakuwasikia wenzake, hakujisikia hata yeye mwenyewe, mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kuwa mahali pasipo na sauti yake. Alielea. Pembeni aliiona mashua, na mkwe ameinua mkono mmoja kuwaambia watu ni salama. Akapumzika, pumzi ikarudi. Likaja wimbi, likamsukuma kuelekea pwani, naye akaanza kupiga miguu polepole.

Alipoinua kichwa kutafuta ufuko, kelele zilimjia zote kwa pamoja. Watu walikuwa wanapunga mikono. Na hatua chache mbele yake, ndani ya maji, palikuwa na kichwa cha mwanamume chenye miwani, maji yanamfika kidevuni, mikono inatapatapa. Alikuwa fundi.

Binti alimsimulia baadaye. Baba alikuwa amesimama nyuma ya watu, kimya kama kawaida yake. Mama alipolala chali, akawa hasogei, kuna aliyesema amezama. Baba hakuangalia mashua, hakuangalia mkono wa mkwe. Aliwapasua watu katikati, akaingia na viatu vyake, na suruali yake ya kitambaa kizuri, akaenda mpaka wimbi likamwinua na kumshusha pasipokuwa na chini.

Mama Kamba hakufikiria mikono yake, wala hakuingoja mashua. Alipiga miguu mara sita, akamshika ukosi, akamgeuza chali kama alivyogeuzwa yeye.

“Legeza shingo,” alimwambia. “Legeza, mzee. Mimi hapa.”

Akamvuta mpaka mchanga ukawapokea. Wakasimama, maji kiunoni, wanahema, miwani ya fundi imekaa upande. Watu walikuwa wanashangilia. Afisa alikuwa anaandika, na aliandika amepita, kwani kwenda amekwenda na kurudi amerudi, tena na mzigo.

“Ulikuwa unakwenda kufanya nini kule?” Mama Kamba aliuliza kwa hasira. “Wewe hujui kuogelea.”

“Na wewe ulikuwa hujui.”

Mama Kamba akamwachia ukosi.

“Nilijua siku nyingi,” alisema fundi. “Tangu mwaka wa kwanza. Niliona maji yakikufika kitovuni unavyorudi haraka. Kila maji yakipwa nafunga kazi, nakuja kukaa kule kwenye mawe mpaka utoke. Wateja wanadhani nakwenda kulala. Miaka yote hiyo nilikuwa najiuliza, siku ikitokea nitafanya nini, na mimi mwenyewe sijui maji.” Akaiweka miwani yake sawa. “Leo nimejua. Ningekuja tu.”

 Mama Kamba macho yakamjaa machozi. Alimshika mkono mume wake mbele ya kikundi kizima, wakatoka.

Afisa aliwasubiri na ramani yake. Waliopita walikuwa na haki ya kuchagua mstari wa kamba, na mwenyekiti alitangulia. Kila mtu alijua atachagua ule wa mbali kabisa, kwenye maji baridi kuliko yote, unakokua mwani mnene wa kujivunia. Bi Chumvi alikuwa ameshasogea kuuwahi wa pili yake.

“Nikuandikie wa mwisho kule?” aliuliza afisa.

Mama Kamba aliiangalia ramani, kisha akayaangalia yale mawe ya ufukweni, akapima kwa jicho.

“Niandikie wa kwanza, huu wa karibu,” alisema. “Kuna mtu macho yake hayafiki kule.”